Jiwe la Shamba la Gereza

Siku ile naikumbuka kwa sababu ya jiwe, mwanangu. Wewe ni mtoto wa kaka yangu, kwa hiyo ni wangu, na nimesikia unakwenda Rwamgasa kuchimba. Kaa kidogo.

Nilikuwa na shahada bila kazi. Nikaingia duarani kutafuta dhahabu, nikapigana na mwenzangu humo shimoni, nikafungwa. Mfungwa mwenye tabia njema husamehewa theluthi ya kifungo. Baba alikuwa mgonjwa, nyumbani kwetu Songwa, na theluthi ile ndiyo ingenifikisha kwake akiwa hai.

Tulikuwa tunalima shamba la gereza. Jembe likagonga jiwe jeupe lenye kutu, jiwe likabingirika nje ya mstari wa wafungwa. Nikafanya jambo ambalo mchimbaji yeyote angefanya: nikalifuata, nikalilamba ili dhahabu ionekane kama imo, nikaligeuzia jua.

"Msomi, unaenda wapi?" askari akauliza.

"Naangalia mwamba, afande."

Mzee Masanja, mfungwa aliyelima kando yangu, akacheka. "Huyu hata kaburi lake atalilamba kwanza."

Kesho yake nikashtakiwa kwa mkuu wa gereza kwamba nilijaribu kutoroka. Nikaomba Masanja aitwe, kwa kuwa aliona. Mkuu wa gereza akasema maneno ya askari yanatosha. Theluthi ikafutwa.

Nikapeleka ombi Mahakama Kuu.

"Umefanya vizuri," Masanja akaniambia. "Sasa mwite baba yako aje akuone, maadamu bado anaweza kubebwa."

Nikakataa. Sikutaka anione na nguo za kifungo. Nikamtumia salamu kwamba anisubiri, jaji atanitoa.

"Na huyo jaji," Masanja akauliza, "anajua kwamba mzee wako anaumwa?"

Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Baba akazikwa. Kifungo kikaisha chote, nikatoka. Ndipo jaji akasoma uamuzi: nilinyimwa haki ya kusikilizwa, adhabu ya kunyimwa theluthi imefutwa. Nilimsikiliza nikiwa na shati langu la nyumbani. Nilikuwa nimeshinda, na hakukuwa na siku hata moja ya kunirudishia.

Mwanangu, ukionewa, shtaki. Nasema hivyo ingawa sina hakika kama bado naamini. Siku ya kusomewa shtaka, mtaje shahidi wako kwa jina, na wakimkataa, omba iandikwe. Lakini mgonjwa wako usimwambie asubiri hukumu. Mwache akuone ulivyo.

Nenda salama. Mungu, kama husikiliza kesi za watu kama sisi, akusikilize wewe mapema.