Jibu Alilolileta Kaka

Kwenye kiwanda cha mikate walimwita Hamira, na jina hilo halikutokana na kazi yake. Walimpachika kwa sababu alikuwa mwepesi wa kuumuka: ukimtania kidogo tu mashavu yanajaa hasira, halafu ghafla anaangua kicheko mpaka anashika mbavu. Alianza kwa kufagia sakafu, akapanda hadi meza ya kukandia, na mwishowe akakabidhiwa tanuri. Huko alidumu.

Kati ya kuingiza mikate na kuitoa kuna muda ambao mtu wa tanuri hana la kufanya ila kungoja. Wenzake walipiga soga. Hamira aliomba. Hakuwa na maneno makubwa. "Baba, mama kaamka vibaya leo. Baba, yule msimamizi ananitafuta nini?" Aliongea na Mungu kama mtu anavyoongea na mwenzake huku mikono ina kazi, na mara nyingi aliufungua mlango wa tanuri moyo ukiwa mwepesi. Lakini mwenyewe hakuyaita hayo maombi. Maombi, kwa akili yake, yalikuwa ya kaka yake.

Kaka huyo, kifungua mimba, alikuwa mzee wa kanisa. Baba yao alifariki Hamira akiwa bado anabebwa mgongoni, na kaka ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamfundisha kupiga magoti. Alikuwa na sauti nzito na ya taratibu, sauti ambayo hata akiomba chumvi mezani unahisi useme amina. Watu walimletea mambo yao: nihame kazi? nimwoze binti yangu? Naye huwajibu, "Niachie niliombee." Baada ya siku chache hurudi na jibu, na watu hulifuata. Hamira alimwamini kaka yake kuliko alivyojiamini mwenyewe.

Ndipo akaja Seremala.

Aliitwa kiwandani kutengeneza rafu za kupozea mikate. Alikuwa mgane, mtu mpole, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi hata siku za Jumapili. Rafu alizimaliza upesi na zilikuwa imara kama ukuta, lakini kila wiki alikumbuka msumari aliosahau kuukaza.

"Fundi, rafu inaumwa nini leo?" wakandaji walimpigia kelele.

"Homa," alijibu bila kucheka, macho yake yako tanurini.

Siku alipomwambia Hamira kwamba anataka kumuoa, alimweleza kila kitu bila kupamba. Karakana yake iko mji mwingine, nyumba ni ndogo, yeye si mtu wa maneno mengi. Hamira alimwambia ampe nafasi aulize nyumbani. Kisha akarudi kwenye tanuri lake, akamweleza Mungu habari nzima, na furaha iliyomjia ilikuwa kubwa na tulivu kiasi kwamba alisahau mikate. Siku hiyo dukani ilikwenda mikate yenye migongo myeusi, na msimamizi alifoka mpaka akakosa sauti. Hamira hata hakuumuka.

Nyumbani alikuwa na mama. Kiharusi kilikuwa kimelaza upande mmoja wa mwili wake, na ulimi ulimsaliti, akawa anasema maneno machache tu ambayo Hamira peke yake aliyaelewa. Waliishi wawili katika nyumba aliyoiacha baba. Kaka aliishi na mkewe na watoto mtaa wa tatu kutoka hapo.

"Kaka, kuna mtu," Hamira alimwambia, akiwa amesimama mlangoni kwake kama mtoto. Akaeleza yote.

Kaka alimsikiliza mpaka mwisho. "Niachie niliombee, mdogo wangu."

Jumapili iliyofuata alikuja baada ya ibada, akiwa bado na suti. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha mama, akamshika mkono ule uliolala, akasema, "Nimeliombea jambo lako. Bwana amesema hapana."

"Hapana kabisa, kaka? Au bado?"

"Hapana."

Hamira akasema amina.

Seremala alimpokea kwenye geti la kiwanda. Hamira alipomweleza, hakupandisha sauti. "Mimi nimeomba, nimepata amani. Kaka yako ameomba, amepata hapana. Na wewe je? Wewe umeambiwa nini?"

Hamira alikumbuka ile furaha ya tanurini, akaona aibu kuitaja. Ingekuwaje furaha ya mwanamke aliyesimama na aproni yenye unga ishindane na magoti ya mzee wa kanisa? "Kaka ni mtu wa Mungu," alisema.

"Na wewe ni wa nani?"

Hamira alijipangusa unga mikononi. Seremala akaweka msumeno wake begani akaondoka, na baada ya hapo hakukuwa tena na msumari wa kukaza. Ilisikika baadaye kwamba ameoa.

Hamira alimtunza mama. Alimgeuza, alimwogesha, alimlisha kijiko kwa kijiko, alimchania nywele hata siku ambazo hakuna mgeni. Miaka ilikwenda. Zipo asubuhi alizofunga kanga kiunoni akahisi maisha yake yamefungwa nayo, na kila hali hiyo ilipomjia alijiambia, ni mapenzi ya Mungu, nani mimi wa kugomba? Maneno hayo ndiyo yaliyomsimamisha. Kaka alikuja kila Jumapili, akaomba juu ya mama kwa ile sauti yake, akanywa chai, akaenda zake. Hamira alimshukuru hata kwa hilo.

Mama alipofariki alizikwa kwa heshima. Matanga yalipokwisha, kaka alimwita Hamira kwake. Alimkalisha sebuleni, akakunja mikono juu ya goti.

"Nimeliombea suala la nyumba ya mama," alisema. "Naona Bwana anataka tuiuze."

"Nipe muda kidogo, kaka. Mle ndimo nilimozaliwa."

Ni jambo dogo, lakini lilikuwa la kwanza la aina yake. Hamira, kwa kuona haya, aliinuka kwenda jikoni kumsaidia wifi yake kuosha vyombo.

Wifi alikuwa amesikia. Alikuwa anasugua sufuria kana kwamba imemkosea. "Muda wa nini?" alisema. "Nyinyi na maombi yenu nyinyi! Kwani hata lile la seremala wako aliliombea?"

Sahani ilibaki mkononi mwa Hamira. "Umesema nini, wifi?"

"Sijasema kitu."

"Wifi."

Yule mwanamke alizima bomba. Alitazama mlango wa sebule, akatazama mikono yake yenye povu, na labda alikuwa amechoka kubeba jambo hilo, maana alipoanza kumwaga mtama hakubakiza punje. "Ungeolewa, mama angehamia hapa. Nilikuwa na watoto wadogo, mmoja bado ananyonya. Nilimwambia, mama yenu akiingia, mimi narudi kwetu. Akakaa pale kwenye kiti chake, akafikiri. Kisha akasema, 'Nikimkataza mimi atabisha. Na Mungu hatabishana.' Basi. Hakupiga goti, wifi yangu. Alikula chakula chake akalala." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Nilidhani utajua mwenyewe."

Hamira aliiweka ile sahani chini polepole, asije akaivunja. Aliingia sebuleni na mikono inayochuruzika maji.

"Kaka, ile wiki ya Seremala uliomba?"

Kaka alitazama mlango wa jikoni, akaelewa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mama alihitaji mtu," alisema. "Na alipata matunzo mazuri kuliko mgonjwa yeyote ninayemjua. Hebu niambie, hayo hayakuwa mapenzi ya Mungu?"

Jibu hilo ndilo lililomuumiza kuliko uongo wenyewe.

"Ungeniomba," Hamira alisema. "Ungeniambia, mdogo wangu, nimeshindwa, mke wangu hawezi, nisaidie. Ningemtunza mama. Pengine ningeolewa na bado ningemtunza, yule mtu hakuwa mbaya, tungempangia chumba. Hukuniomba. Ulinifunga mdomo kwa jina la Mungu wangu."

"Mdogo wangu, tuombe kwanza, hasira..."

"Usithubutu."

Alitoka bila viatu. Wifi alimkimbilia navyo hadi barabarani.

Wiki zilizofuata hakuomba. Alisimama mbele ya tanuri akaangalia mikate tu. Kila alipotaka kusema "Baba", alisikia sauti ya kaka ikisema "Bwana amesema". Hakuwa ameibiwa mume tu. Aliibiwa pia yale maneno yaliyomsimamisha asubuhi zote zile, na sasa alipogeuka nyuma hakujua ni lipi la kushika. Alipofungua kinywa hatimaye, hakuanza na shukrani. "Ulimsikia," alisema, wenzake wakadhani anagombana na tanuri. "Ulimsikia akikusingizia, ukanyamaza. Nilikuwa hapahapa. Kwa nini hukuniambia?"

Hakuna sauti iliyojibu. Lakini palepale ilimrudia ile siku ya mikate yenye migongo myeusi, ile furaha, na swali la getini. Alilia kwa muda mrefu. Hakujua hata sasa kama furaha ile ilikuwa Mungu au damu yake tu ya ujana. Alichojua ni kwamba hakuwahi kuuliza, kwa sababu aliambiwa jibu limeshakuja.

Suala la nyumba lilikuwa bado linamngoja, naye alikata shauri kuliombea mwenyewe. Alianza vibaya. "Baba, nataka kumkomoa. Akisema tuuze, nataka nikatae hadi azeeke." Alisema hivyo kwa sababu ndiyo kweli. Kesho yake alisema tena, na kesho kutwa, na kila aliposema aliyasikia maneno yake mwenyewe na hayakumpendeza. Alirudi nyumbani, akakaa chumbani mwa mama penye harufu ya dawa ya kuchua, akajiuliza anataka nini yeye, mbali na kaka. Akaona hataki kuishi mle. Aliliweka hilo mbele ya Mungu siku za hasira na siku za utulivu, aone kama litabadilika. Hasira ilipanda na kushuka. Lenyewe halikutikisika. Hakuota ndoto, hakuona maono. Ilikuwa hivyo tu, na ikatosha.

Alikwenda kwa kaka mchana, akakataa kiti. "Nyumba tuiuze. Si kwa sababu umesema Bwana anataka. Nimeomba mimi, nimeridhika mimi."

Kaka alikuwa amekonda. Alivua miwani. "Kama nilikukosea, nisamehe."

"Ondoa hiyo 'kama'."

Kaka alitazama mikono yake, akaikunja juu ya goti. Mwishowe alisema, "Tuombe."

"Omba, kaka. Mimi nimeshaomba." Akamuaga wifi, akaondoka.

Hawajasalimiana vizuri mpaka leo. Hamira alipanga chumba karibu na kiwanda, akahamia ibada ya asubuhi ili wasikutane. Huwa anajaribu kumsamehe, anasema, na kuna siku anaweza na siku hawezi, na zile za kushindwa humwambia Mungu waziwazi kwamba leo ameshindwa.

Majuzi mkandaji mmoja, binti wa watu anayetaka kuposwa, alimfuata tanurini akimnong'oneza, "Dada Hamira, wewe unaomba. Niombee, uniambie kama nikubali."

"Nitaomba pamoja na wewe," Hamira alimjibu. "Jibu usilingoje kwangu."

Yule binti alinuna. Alisema ataenda kumtafuta mtu mwenye upako. Hamira alitaka kumshika mkono, lakini mikate ilikuwa imeiva, akageuka kuitoa.