Rula na Jogoo wa Juu ya Stoo

Baba yangu mdogo anaitwa Rula na kila mtu pale shambani, hata na mkewe akikasirika. Jina alilipata kwa mkono wake mwenyewe. Akishika trekta, matuta yananyooka mpaka unadhani aliyachora mezani kwanza. Hatumii kamba wala vigingi. Anachagua kitu upande wa pili wa shamba, mti au nguzo ya umeme, anakikazia macho kama kimemtukana, na trekta linakwenda.

Shamba lenyewe ni kubwa, lakini sehemu yake ya kujivunia ni kipande cha barabarani, kinachoonekana na wapita njia. Kwa miaka kilikuwa cha Rula. Vijana wa bodaboda walipunguza mwendo wakiangalia matuta. Yeye alijifanya hawaoni. Alikuwa anawaona wote, na aliyepita bila kugeuza shingo alimweka moyoni.

Kisha likaletwa trekta jipya. Lilikuja na kitu cheupe kama uyoga juu ya kabini, skrini mbele ya dereva, na usukani unaojigeuza wenyewe kwa kufuata setilaiti. Dereva kazi yake ni kukata kona mwisho wa shamba na kuhakikisha skrini haijanuna. Meneja akasema atachagua mtu mmoja wa kupelekwa mafunzoni. Rula alinyoa ndevu kwa ajili hiyo. Akachaguliwa shemeji yake.

Shemeji huyo ni mdogo wa mkewe, na anaishi nao nyumba moja. Alikuwa msichana wa chumba cha kuchambua mbegu, na kuendesha trekta alifundishwa na Rula huyohuyo, wakati wa mapumziko, kwa kubembeleza sana. Hapo ndipo palipouma. Alirudi mafunzoni na fulana ya kampuni, watu wakambatiza Skrini, na kipande cha barabarani akapewa yeye. Rula akahamishiwa shamba la nyuma, nyuma ya miti, ambako watazamaji wake ni kunguru, na kunguru nao wamefuata minyoo.

Wivu ulimkaa kama suti ya kuazima, kila akiinua mkono unaonekana. Chai ikimiminwa, aliangalia kikombe cha nani kimetangulia. Skrini akisimulia habari za kazini, yeye anaongeza sauti ya redio. Na mama mdogo hakumsaidia. Siku moja alimpokea mlangoni, akamtazama kuanzia viatuni mpaka kichwani.

"Mwenzako anarudi kama ametoka benki," akamwambia. "Wewe unarudi kama umezikwa wakabadili mawazo."

Kwa hiyo matuta ya Skrini yalipoanza kuharibika, nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja aliyelala usingizi mzuri.

Uharibifu wenyewe ulikuwa wa ajabu. Mchana kutwa trekta lilikwenda sawasawa, tuta kwa tuta, nafasi ileile. Lakini asubuhi likirudi kuendelea lilipoachia jana, tuta la kwanza linapanda juu ya la jana, au linaliacha mbali, mtu akaweza kulala katikati. Kisha linatulia tena mpaka jioni. Kesho yake, hivyohivyo. Ukisimama barabarani ulikiona kipande kizima kama mdomo wa mtoto anayeota meno ya ukubwani, hapa yamebanana, pale pengo.

Fundi wa kampuni iliyouza trekta akaitwa. Akafungua kile kiuyoga, akakagua kebo moja moja, akapima upepo wa matairi, akahakikisha jembe halijahama kwenye maungio yake. Akaliendesha mwenyewe toka asubuhi alipofika mpaka jioni. Trekta likaenda kama malaika. Akaondoka. Asubuhi yake, pengo.

Akarudi mara nyingine na kompyuta, akapanga upya kila kinachopangika. Mchana malaika, asubuhi pengo. Mimi nilikuwa stoo nikigawa vipuri, na dirisha langu linaangalia uwanja, nikamwona Skrini amesimama karibu na gurudumu, mikono kifuani, akimsikiliza Meneja. Meneja hakupaza sauti. Alisema mvua zimekaribia, hawezi kupanda mbegu kwenye matuta ya kubahatisha. Fundi akija tena na kushindwa, trekta linarudi lilikotoka, Rula anarudi barabarani, na Skrini anarudi kuchambua mbegu.

Rula alikuwa upande wa pili wa uwanja, anapaka grisi. Siku ile lile trekta lake la zamani lilipakwa grisi mpaka mahali ambapo halijawahi kuomba.

Sasa, wivu una faida moja, unamwamsha mtu mapema. Tangu Skrini apewe lile trekta, Rula alikuwa anafika kazini kabla ya wote, anajifanya anaangalia oili, kumbe anataka kuliona tuta la kwanza la shemeji likikatwa. Amepanda juu ya madigadi ya gurudumu la trekta lake, amejiegemeza, anatazama. Na kutoka pale juu alishaona zaidi ya mara moja jambo lililomchekesha tu wakati ule: Komeo, mlinzi wetu wa usiku, akipanda ngazi ya stoo na kitu amekikumbatia ndani ya koti, kama anampeleka mtoto kliniki.

Kitu hicho kilikuwa Jogoo. Jogoo ni chombo cha miguu mitatu kilichowekwa juu ya paa la zege la stoo, kina kijitaa kinachopepesa, tukakiita hivyo kwa sababu kisipoamka, hakuna kazi. Siku fundi alipokisimika alimwambia Komeo kisiondoke pale. Meneja naye akamwambia kikiibwa, yeye atakuwa ameiba. Komeo ni mtu mtiifu. Aliwatii wote wawili.

Lakini hilo tulikuwa hatujalijua bado. Katika ziara ya mwisho ya fundi, wakati wa chai, Skrini alimwuliza kwa nini Jogoo asimame tu pale juu bila kazi. Fundi akamweleza kwa upole kwamba Jogoo ndiye anayelisahihisha trekta. Setilaiti ziko mbali, zinakosea kidogo, na Jogoo anayajua makosa hayo kwa kuwa yeye anajua amesimama wapi hasa. Akikosea mahali aliposimama, hata kwa upana wa kiganja, trekta nalo litakosea kiasi kilekile, tena kwa kujiamini. Ndiyo maana alikuwa ameshauliza watu wote kama kuna aliyemgusa. Wote walikataa. Hata Komeo alikuwa ameulizwa, akaapa kwamba yeye hagusi, anahifadhi tu, na hakuna aliyelitilia maanani neno hilo.

Rula alikuwa amekaa pembeni na kikombe chake. Nikakiona kikombe kinasimama njiani, hakijafika mdomoni. Kisha akakinywa chote, akafuta mdomo, akaenda zake shamba la nyuma. 

Alikaa nalo moyoni siku ile yote. Nyumbani, alinisimulia baadaye, mambo yalikuwa matamu. Skrini ameikunja ile fulana ya kampuni ameiweka chini kabisa ya begi. Mama mdogo anamimina chai bila maneno, na kikombe cha Rula kikatangulia. Alichotakiwa kufanya ni kufunga mdomo mpaka kesho jioni, fundi ashindwe, barabara irudi kwake.

Asubuhi, akienda kazini kwa miguu, bodaboda mmoja akasimama kumpa lifti. Kijana mwenye heshima zake. Njiani akakohoa kidogo, akasema, "Mzee Rula, samahani. Macho vipi siku hizi?"

"Macho yangu yana nini?"

"Si lile shamba la barabarani. Sisi kijiweni tunasikitika tu. Tukasema, mzee wa watu, umri umefika."

Rula akaomba ashushwe. Si kwamba wamefika.

Kumbe kule barabarani hakuna aliyejua habari za setilaiti wala shemeji. Trekta likionekana pale, ni Rula. Kila pengo la Skrini lilikuwa limeandikwa jina lake, na trekta likirudishwa, ndivyo litakavyobaki: hapo ndipo Rula alipozeekea.

Alifika uwanjani anahema. Fundi, Meneja na Skrini walikuwa wameinamia skrini. Komeo alikuwa anafunga koti aende nyumbani. Rula hakuwaangalia wale watatu. Hakutaka ionekane kwamba anamsaidia mtu.

"Komeo," akasema, "huyo Jogoo wako huwa analala wapi?"

"Kwangu," Komeo akajibu, tena kwa fahari. "Chumba cha lindo, chini ya kitanda. Huku usiku vitu vinaota miguu."

Fundi akainua kichwa polepole. "Na asubuhi?"

"Namrudisha palepale."

"Palepale wapi?"

"Juu ya paa si palepale? Ila jana nilimsogeza kidogo, nilikuwa nimeanika blanketi."

Fundi alikaa chini, juu ya jembe la trekta, akashika kichwa kwa mikono miwili, mabega yanatikisika. Tulidhani analia. Alikuwa anacheka. Meneja ndiye hakucheka, mpaka alipokumbuka ni nani aliyemtisha Komeo.

Jogoo akakazwa miguu kwa saruji siku ileile na kujengewa kizimba cha nondo. Fundi akapima upya mahali aliposimama, na kesho yake asubuhi tuta la kwanza la Skrini likalala kando ya la jana kama yamekua pamoja. Fulana ikatoka ndani ya begi. Kikombe cha Rula kikarudi nafasi ya pili.

Lakini wiki hiyohiyo, Skrini akiwa anakata kona kule barabarani, Rula amekwenda kumpelekea dizeli, bodaboda wawili wakapunguza mwendo. Mmoja akainua mkono. "Mzee Rula," akaita, "tumeona. Bado upo." Rula akapunga, taratibu, kama mtu aliyezoea.

Skrini akazima injini.

"Shemeji, waambie ni yangu."

"Nitawaambia."

"Waambie sasa, hawajafika mbali."

"Shemeji, mtu yuko kwenye pikipiki, unataka nimkimbilie? Ataanguka bure."

Mpaka leo hajawaambia. Skrini ameomba kibao cha jina lake kiwekwe ukingoni mwa barabara, Meneja amesema atafikiria. Na siku hizi ukifika kazini mapema utamkuta Skrini ametangulia, amesimama nyuma ya miti kule kwa kunguru, jicho moja amelifumba, anapima matuta ya Rula akitafuta lililopinda.