Njia Niliyoikanyaga Shambani kwa Bibi

Nakiri leo, bibi yangu akiwa ameshatangulia mbele ya haki: aliyebomoa matuta ya ngoro zake hakuwa mbuzi wa jirani. Nilikuwa mimi. Nimelikana jambo hili miaka yote, hata baada ya kupata shahada ya mipango miji na kazi ya kuwapangia wengine wapite wapi.

Shamba lilikuwa mteremkoni, juu ya shule, hapa Mbinga. Bibi alilima ngoro kama Wamatengo wenzake: mashimo yaliyozungukwa na matuta, mvua ikinyesha maji yanatulia humo badala ya kuondoka na udongo. Alitutaka tuzunguke pembeni, kwenye mikahawa. Lakini kengele ya shule ikilia nami bado natafuna kiazi cha moto, nilishuka moja kwa moja, tuta kwa tuta, pindo la sketi mkononi. Wenzangu wakafuata nyayo. Jioni bibi alirudishia udongo kwa jembe, akiwatukana mbuzi kwa Kimatengo ambacho sithubutu kukitafsiri.

Kisha mji ukapanda mlima. Nyumba zikajengwa, kila mtu na kiwanja chake, hakuna aliyeacha nafasi ya kupita. Ikabaki njia yangu tu. Mwaka huu mnunuzi wa kiwanja cha mwisho akataka kuiziba kwa ukuta. Ikizibwa, watoto wa huko juu watazungukia barabara ya lami, wabanane na malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka.

Kwenye mkutano wa mtaa mnunuzi alisema, "Hapa hapajawahi kuwa na njia. Lilikuwa shamba." Wazee wakaitikia; kweli lilikuwa shamba.

Nikasimama. "Njia ipo tangu nikiwa darasa la pili. Niliifungua mimi."

Mzee mmoja, yule jirani wa mbuzi, akajipiga kofi gotini. "Kumbe ni wewe! Nilimfunga beberu wangu kamba msimu mzima!"

Watu wakacheka. Nikawasubiri wamalize, nikakataa kukaa, nikataka njia ipimwe. Mikahawa imekwisha, ngoro zimefukiwa, na harufu ya maua ya kahawa siwezi kwenda kuidai ofisini. Lakini pa kupita, napadai.

Juzi mwenyekiti wa mtaa akapiga simu. "Dada, mpimaji amemaliza. Mstari wa ukuta umesogezwa hatua nne. Njia imeingia kwenye ramani."

"Watoto wanasemaje?"

"Wasemeje? Wanapita tu. Hata hawajui kulikuwa na kesi."