Mzee wa Taa

Habari za kifo zilinikuta sokoni Mawaleh, hapa Maskati, nikichagua ndimu. Aliyepiga simu ni mke wa marehemu. "Rafikiyo katangulia mbele ya haki," alisema kwa sauti iliyokauka. "Tunazika baada ya Laasiri." Nikaziacha ndimu palepale. Wasomaji wangu mmenizoea nikiwalilia katika safu hii watu wa vyeo na mimbari. Huyu alikuwa mhandisi wa maji, bingwa wa utani wa kuudhi, na kilichotuunganisha, msinicheke, ni mchezo wa video.

Ilikuwa miaka ya tisini, sote tukiwa watu wazima wenye wake. Shemeji yake alimletea kutoka Japani mashine ya michezo na sidii moja tu. Katika mchezo huo, kijana anatoka kijijini kwao kilichoungua, anavuka milima na mito, na kwenye kila daraja anamkuta mzee aliyeshika taa, kasimama ng'ambo. Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani, hatukuambulia hata neno. Basi tukajitungia. Kila Alkhamisi alasiri nilikuwa kwake Al Amerat, na tulishakata shauri kwamba yule mzee ni baba wa kijana, anamfuata kumwangazia njia. Mkewe akituletea kahawa hutucheka, "Watu wazima na ndevu zenu!" Mchezo ukaishia kwenye daraja kubwa, kijana huku, mzee kule, khalas. Sehemu ya pili tuliingoja miaka.

Sasa, marehemu alikuwa hasemi na babake. Mzee alimwacha mkewe na watoto Unguja, akaja huku akaoa kwengine, na uzee ulimkuta peke yake katika chumba karibu na soko hilihili la Mawaleh. Alkhamisi moja rafiki yangu aliweka vibonye chini ghafla. "Yule anamfata mwanawe mlima kwa mlima," alisema. "Wangu mimi nampita na gari kila siku. Nna haraka ya kwenda wapi?" Wiki ileile alimleta nyumbani, godoro la mzee likatandikwa sebuleni, mbele ya televisheni.

Mwendelezo ulipofika, tulishaingia miaka ya elfu mbili, na safari hii ulikuwa kwa Kiingereza. Tulikaa kitako kama maharusi. Kahawa haijapoa, tukasoma kwamba yule mzee wa taa ndiye aliyekichoma kijiji, na amemfuata kijana ili ammalize asije akasimulia. Mchezo hauendi mbele mpaka kijana amsukumie mtoni. Rafiki yangu uso ulimshuka. Nyuma yetu babake, ambaye Kiingereza hakijui, akauliza, "Huyo mzee nani wake huyo kijana?" Niliogopa, wallahi, maana ni kwa ajili ya mzee huyo wa taa baba huyu aliletwa kulala mle ndani.

"Babake," marehemu akajibu.

"Anamtaka nini?"

"Anamtafuta, baba. Kamkosea, hajui aanze vipi kusema."

Mzee akasema, "Basi mwambie kijana amngoje."

Marehemu alimrudisha kijana hadi mwanzo wa daraja, akamsimamisha pale, akazima. Hakuucheza tena. Nilimtania kwamba ameungoja miaka yote hiyo bure. "Waliotunga wana yao," aliniambia, "na sisi tuna yetu."

Yaliyopita si ndwele, tunasema kwa wepesi, hasa ndwele ikiwa si yetu. Katika koo zetu zilizogawanyika baina ya Unguja na Maskati, ni nadra nyumba isiyokuwa na mzee wa namna ile, na watoto wenye kumbukumbu sahihi za ubaya wake. Za rafiki yangu zilikuwa sahihi pia. Hakuwahi kuzikanusha, na sikuwahi kumsikia akimpamba babake. Alimwogesha tu, akamkatia kucha, akamlisha, mpaka siku aliposhuka mwenyewe kaburini kumpokea. Siku hizi kila kitu kina maelezo, na sisi tumekuwa hodari wa kusoma makosa ya wenzetu. Yeye aliyasoma nikimwona, na akachagua.

Tumemzika Al Amerat, si mbali na babake. Nikirudi nyumbani nilipita Mawaleh, ndimu sikuzikumbuka. Nilikuwa nikiwaza kwamba makosa ya mzazi hayapotei, utayakuta palepale ulipoyaacha, hata baada ya miaka. Mzazi mwenyewe ndiye hangoji.