Pembe Mbili Kwenye Kola ya Koti

Nilipokuwa mtoto kule Karagwe tuliwahi kumwogesha ndama kwa sabuni (wazo langu mimi, nani mwingine), na mama yake alipomnusa akampiga teke, akamkataa siku nzima, wakati kwa macho ndama alikuwa yuleyule. Basi na aibu yangu ya mtaa wa Kimironko, huku ng'ambo ya mpaka, ilianza hivyo hivyo, kwa kitu kisichoonekana.

Nilikuwa mtunzaji wa nyumba ya wapangaji, nyumba yenye intaneti ya kuingia kwa jina na neno la siri. Mwenye nyumba akaleta kisanduku kipya cha intaneti, kazi yake kupokea majina na kuyapeleka kwenye kompyuta ya ofisini, na kompyuta ndiyo inakubali au inakataa. Kilikuwa kinapata joto, taa nyekundu inapepesa, mimi nikaogopa kitatuunguza, nikakichomoa nikarudisha kile cha zamani kilichokuwa stoo, maana nyaya ni zilezile, nani atajua?

Wapangaji wote wakakataliwa. Zuhura, mpangaji wa Mwanza, akaja mbio: "Babu, saa nne nina usaili wa kazi humu kwenye simu, nikiukosa narudi kwetu."

Nilipaswa kusema ukweli palepale. Nikasema ni mvua. (Jua lilikuwa linawaka.)

Fundi Innocent akaja, akafungua ile kompyuta ofisini, wapangaji wamemzunguka, nami nimesimama, kisanduku kipya nimekificha ndani ya koti.

"Jina iko sawa, neno la siri iko sawa, ariko, lakini inasema haimujui," akanung'unika. Akainama tena. "Yooo! Mwisho wa kila jina kumebandikwa alama tupu. Jicho haliioni, ila kompyuta inaihesabu, inafikiri ni mtu mwingine. Kisanduku ya mupya haifanyi hivi." Akanigeukia. "Muzehe, nani amerudisha ya zamani?"

"Labda panya," nikasema.

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Zuhura hakucheka. Akaninyooshea kidole: "Babu, hizo pembe ni za nini?"

Antena mbili za kisanduku zilikuwa zinachungulia kwenye kola.

Nikakitoa, nikamkabidhi fundi. Akakimbilia nyaya, mtu akasema mwenye nyumba yuko njiani, Zuhura anatazama saa tu, na mimi sikuthubutu kungoja nione kama atawahi. Nikaacha funguo dirishani, nikatoka getini, nikapanda pikipiki hadi Masaka, pembeni mwa mji, kwa dada yangu. Kimironko sijakanyaga tena, hata nyanya za soko la huko dada ndiye huninunulia.