Kabla Sijaitwa Wakili

Nilipopata nafasi ya kusomea sheria, mama aliwatangazia wanawake wote kwenye foleni ya kupima kahawa kule kwetu Githongo. Jioni hiyohiyo jirani akaja kuniuliza habari za mpaka wa shamba lake. Nilicheka, nikamwambia hata darasani sijaingia.

Hatukujua safari ni ndefu hivyo. Chuo kikuu kilichukua miaka minne. Nikadhani nimemaliza, kumbe bado kulikuwa na shule ya mawakili Nairobi na mitihani yake. Nilianguka karatasi moja, nikasubiri kuirudia. Kisha nikatakiwa kujifunza kazi chini ya wakili mzoefu, ndipo nikaja Meru mjini na kupanga chumba mtaa wa Majengo. Wakati huo msichana tuliyeketi naye dawati moja shule ya msingi alikuwa na watoto na duka la mbegu Kanyakine.

Likizo moja nilikuwa nimeketi nyuma ya mama kanisani. Mwanamke mmoja akamwuliza, "Na yule wakili wetu?"

"Bado anasoma," mama akajibu kwa sauti ya chini, kisha akaanza kuulizia mvua.

Hakujua nimesikia. Tangu siku hiyo nikapunguza kwenda nyumbani. Akinipigia simu nilisema kazi ni nyingi.

Jumapili hakukuwa na kazi yoyote. Nilifua, nikachemsha githeri, mahindi na maharagwe, ya kula mpaka katikati ya wiki, nikakaa mlangoni kutazama watoto wa majirani wakicheza. Jirani mmoja, mke wa mwenye bucha, alinisalimia vizuri, lakini nyumba yake ilijaa watu, nami sikuwa na la kumsimulia.

Asubuhi moja mahakamani, wakili aliyenifunza kazi alichelewa na kesi yetu ikaitwa. Nikasimama. Hakimu akauliza kama nimeapishwa kuwa wakili.

"Bado, Mheshimiwa."

Kesi ikasogezwa hadi mchana. Nje, mteja wetu, nyanya mmoja mnyonge, akanishika mkono. "Mwanangu, umesoma miaka yote hiyo na hawakukubalii kunisemea hata neno moja?"

Nilienda nyuma ya jengo nikalia, nikanawa uso bombani, nikarudi.

Siku ya kuapishwa mama alikuja Nairobi amevaa sweta yake ya kanisani. Tulipotoka akaniuliza, "Sasa wamemalizana na wewe?"

"Wamemalizana nami."

Tuliporudi Meru akasema atalala kwangu. Akakitazama kitanda, jiko la gesi na kiti kimoja tu.

"Ulikuwa unakaa hapa peke yako wakati huu wote?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona hukuja nyumbani?"

Nikamweleza nilichosikia kanisani. Akaweka mikono mapajani.

"Sikukuonea aibu," akasema. "Sikujua kueleza kinachokukawiza. Kila nikiulizwa nilijiona kama mimi ndiye nimeanguka mtihani." Kisha akaomba kisu, akaanza kumenya viazi.

Aliondoka kesho yake kwa sababu kahawa ilikuwa imeiva. Siku hizi nina ofisi ndogo mjini, na humtembelea mara kwa mara. Marafiki wa ujana sikuwapata tena. Walinialika harusini na kwenye sherehe za watoto wao, nami kila mara nikajibu kwamba bado nasoma, mpaka wakachoka kunialika. Tukikutana sokoni huniita wakili, tunasalimiana kwa heshima, kisha kila mtu hushika njia yake.