Sweta la Mhadhiri

Mhadhiri wa saikolojia ya jamii ana sauti ya chini, ukitaka kumsikia shurti uiname mbele. Vidole vyake, vyeupe kwa chaki, hugonga meza kabla ya kila swali. Na mitego, usiseme! Leo atampanga mtu ajibu makosa makusudi, kesho ataangusha vitabu aone nani atainuka kumsaidia. Ndiyo maana siku alipoingia amegeuza sweta, mishono nje na lebo ikining'inia kisogoni, darasa zima lilifyata ulimi. Nani akubali kunaswa wa kwanza? Vicheko vikabanwa viganjani. Vidole vya mhadhiri vikasahau kugonga meza.

Kipindi kilipoisha, binti wa safu ya mbele akashindwa kuvumilia, akamfuata.

“Samahani, mwalimu, sweta umeligeuza. Sisi tulidhani ni jaribio.”

Mhadhiri akajipapasa shingoni, akashusha pumzi ndefu.

“Afadhali, mwanangu! Mimi nilidhani mmenichoka.”

Akalivua akicheka, na binti naye roho ikamtulia. Mlangoni mhadhiri akasita.

“Sasa mke wangu, aliyeniaga asubuhi huku akitabasamu, yeye somo hili alilisomea wapi?”